Nyumba Iliyosema kwa Mizani Nane

Baba alipofariki, nyumba yetu ya mtaani Kuze ilijaa wanafunzi wake wa zamani. Walikuja na ndevu zilizoanza mvi na matumbo ya watu wazima, wakakaa barazani wakipokezana vikombe vya kahawa chungu, na kila aliyepewa nafasi ya kumkumbuka marehemu alianza kwa huzuni akamaliza kwa kicheko. Kisa walichokicheka kilikuwa kile kile, mchezo wa Warumi ambao baba aliwaigizisha walipokuwa shuleni. Sauti zao zilipanda mpaka chumba cha juu alikokuwa mama, amekaa eda, nami kando yake nikimkunjia nguo. Mama akaniuliza, "Wasema ule mchezo?" Nikamwambia ndiyo. Akageukia ukutani, nami nikaendelea na nguo. Watu wale walikuja kutupa pole kwa moyo safi, siwasemi vibaya, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua alikuwa akicheka nini.

Baba alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule moja ya wavulana huko Ganjoni. Alipenda tenzi, alizozisikia kwa bibi yake tangu hajajua kusoma, na alipenda vichekesho vya Warumi wa kale, alivyokutana navyo chuo kikuu na ambavyo mtaani kwetu hakuna mtu aliyemwomba atuletee. Nilipokuwa mtoto wa kuanza kuota meno ya pili, aliamua kuviozesha viwili hivyo. Alitwaa mchezo mmoja wa Kirumi akauweka kwa Kiswahili, mshororo kwa mshororo, na muda wote huo hatukula chakula bila kuhubiriwa.

"Mwaona," alisema, akigonga ukingo wa sinia kwa kidole, "kwa Warumi mwenye mchezo hasa alikuwa mpiga zumari. Akipuliza, mishororo hurefuka, waigizaji wakaghani au wakaimba. Akiitoa zumari mdomoni, mishororo hufupika, na mtu asema kama asemavyo dukani. Lakini hata hapo maneno yake yamepimwa. Hakuna neno lililoachiliwa tu."

"Kula," mama alimwambia, "wali wapoa."

Kazi ya zumari alipewa ami yangu Nasoro, mdogo wake baba. Riziki yake ilitoka kwenye cherehani, alikuwa na kibanda cha ushoni Makadara, ila harusi za mji mzima zilimjua kwa pumzi zake. Aliweza kuvuta hewa kwa pua huku mdomo ukiendelea kupuliza, sauti isikatike, na sisi watoto tulikuwa tukimkodolea macho tukingoja apasuke. Baba alimweleza kwamba mpiga zumari wa Kirumi alipuliza zumari mbili kwa pamoja, na kwamba alijifunga ukanda wa ngozi usoni ili mashavu yasichoke. Ami akayapapasa mashavu yake. "Kaka, mimi moja yanitosha," akasema. "Na ukanda huo wafunge Warumi wenyewe."

Shida ilikuwa mizani. Warumi hawakuhesabu silabi kama sisi. Wao walipima silabi ndefu na fupi, na mshororo ukaenda kwa mpangilio wa urefu huo, jambo ambalo Kiswahili hakina. Baba alizunguka na shida hiyo nyumba nzima, akinong'ona, akigonga milango. Mwisho akapata njia. Sehemu zisizo na zumari alizitia mizani nane, kama utenzi. Sehemu za zumari akazirefusha zikawa kumi na sita, kama shairi. Nyimbo zenyewe akazichanganya, ndefu na fupi, kwa sababu Warumi nao, alisema, wakifika kwenye wimbo walijiachia. Alifurahi kama aliyepata kiwanja.

Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake wa bure. Alinifundisha kuhesabu kwa vidole, vinne mkono wa kulia na vinne wa kushoto, na haukupita muda vidole vyangu vikawa vinahesabu vyenyewe. Nilihesabu maneno ya muuza maji, ya maalimu wetu wa chuo cha Kurani, ya mama akivutana bei na muuza samaki. Karibu yote ama yalizidi ama hayakufika. Nikajua basi kwamba watu hawasemi kwa mizani. Asemaye kwa mizani anaigiza. Niliamini hivyo kabisa, na nadhani mtoto yeyote aliyekulia nyumba ile angeamini vivyo hivyo.

Ningekuwa na ndugu. Kabla baba hajauanza mchezo huo mama alijifungua mtoto wa kiume, naye hakuishi hata kufikia akika yake ya siku ya saba. Namkumbuka kwa harufu ya karafuu na mafuta ya nazi iliyojaa chumbani, na kwa kidole chake kidogo, ambacho niliruhusiwa kukigusa. Asubuhi moja wanaume walikuja. Kwetu wanawake hawafuati maiti maziarani. Mlango ndio mwisho wao, yanayofuata huyajua wanaume. Baba alimbeba mwenyewe mikononi, maana kwa udogo wake hakuhitaji jeneza, wakatoka upesi kwa sababu maiti hacheleweshwi. Mama alibaki kitandani akiutazama mlango. Mimi niliambiwa mdogo wangu amerudi kwa Mola, nikaridhika, kwa kuwa nilidhani anayerudi mahali huwa anapajua.

Baba hakumtaja tena. Mama hajamaliza arubaini yake ya uzazi, baba alikuwa ameshajifungia na Warumi wake. Mashangazi walimwambia mama ashukuru, wanaume wengine huzuni huwapeleka pabaya, huyu imempeleka kwenye vitabu. Mama aliwasikiliza akawapa chai.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mfanyabiashara mzee ambaye mtoto wake aliibwa na maharamia bandarini, angali mchanga, na mke wake hamsamehi. Kulikuwa na mtumishi mjanja mwenye kuwazungusha wote, na jirani bahili, na vurugu la watu wanaogongana mlangoni. Mwisho mtoto anaonekana, mtu mzima tayari, anatambulikana kwa bangili. Baba alisema vichekesho vingi vya Warumi humalizika hivyo, aliyepotea hupatikana. Alipenda kulisema hilo, akalisema hata kwa watu ambao hawakumwuliza. Nilidhani alipenda mwisho ule kwa sababu unachekesha.

Akiwa nyumbani baba alisoma maneno ya mzee, na ili asikie yanavyokwenda, alimwomba mama amsomee ya mke. Mwanzo mama alisoma kwa kumridhisha tu. Lakini alikuwa na sikio. Alizaliwa katika nyumba ya wanawake watunga nyimbo za harusi, mizani kwao hazikuwa somo, na baada ya muda akawa anayasema ya mke bila karatasi. Kisha akawa anayasema hata baba asipomwomba. Nilikuwa nikiwasikia wakijibizana, yeye kwa nane na baba kwa nane, nami nikafurahi mno, kwa kuwa nyumba ilikuwa imenyamaza kwa muda mrefu.

Alasiri moja baba alikuwa dirishani na kalamu yake, mama amekaa mkekani akichambua mchele, nami mlangoni na kazi ya shule. Mama hakuinua uso. Akasema:

Mwenzangu nakuuliza,
mwanangu umemlaza
wapi, kwenye lile giza?
Nambie nipate lala.

Vidole vyangu vilikwenda sawasawa. Nane, nane, nane, nane. Nikajua huyu ni yule mke wa mzee, amwuliza mumewe habari za mtoto aliyeibwa, na lile giza ni giza la ndani ya chombo cha maharamia. Baba aliacha kuandika. Mama akaendelea:

Mlitoka naye mbio,
mkaniacha na kilio,
nyumba haina sikio,
nani nimpe suala?

 Kidole cha baba kilikuwa kikigonga mbao za dirisha. "Wa pili umezidi," akasema mwishowe. "Mkaniacha na kilio ni tisa. Sema mwaniacha na kilio."

"Mwaniacha na kilio," mama akasema.

"Hapo sawa."

Mama akarudi kwenye mchele wake. Na mimi ile ya tisa nilikuwa nimeisikia, kwa hiyo nilijiona mkubwa, tuko watatu na tunafanya kazi moja. Beti zile niliziweka moyoni siku hiyo hiyo. Baadaye mama alizirudia mara nyingi, jikoni, ngazini, akimpa baba kanzu iliyopigwa pasi, na baba kila mara alirekebisha kina, au alisifu, au alichukua viatu akaenda shule kwenye mazoezi.

Mimi sasa ni mke wa mtu na mama wa watoto, na nadhani naelewa alichokuwa akifanya. Mumewe hakuwa akiambilika kwa maneno ya kawaida, akaamua kumwambia kwa yale ambayo masikio yake yalikuwa wazi kuyapokea. Na mimi mtoto nipo mlangoni, nisije nikaingiwa na hofu. Kwa mizani nane alitusemesha sisi wawili kwa pamoja, mmoja apate kujua na mwingine asijue. Yule aliyetakiwa ajue akahesabu silabi. Bado roho huniuma nikikumbuka lile neno lake, hapo sawa.

Mchezo ulionyeshwa mchana, katika ukumbi wa shule. Tulikwenda na mashangazi kwa tuktuk mpaka Ganjoni, tukakaa mabenchi ya upande wa wanawake, mama akiwa ukingoni karibu na njia. Ami Nasoro alikaa jukwaani waziwazi, kwa sababu baba alisema Warumi hawakumficha mpiga zumari wao. Baba mwenyewe alikuwa yule mzee, amepakwa rangi ya makunyanzi usoni. Mkewe aliigizwa na kijana mmoja mrefu kutoka Kilifi, Kazungu, aliyevishwa leso za mama. Watu walianza kucheka alipotokeza kichwa tu.

Lazima niseme ukweli, ulikuwa mchezo mzuri. Zumari ilipolia mishororo ilikuja mirefu, waigizaji wakatembea kwa mwendo wake, hata mtumishi mjanja alipokuwa akikimbia alikimbia kwa zumari. Kisha ami aliishusha, na papo hapo maneno yakawa mafupi na makavu, watu wakainama mbele wasikie. Hakuna aliyewaeleza kitu kuhusu mizani. Wauza duka, akina mama, watoto waliobebwa, wote walijua saa ya kusikiliza habari na saa ya kutikisa kichwa. Nilimwona baba akiwatazama kwa pembe ya jicho, na nilijivunia kuwa binti yake.

Likafika onyesho la ugomvi wa mzee na mkewe. Ami akaitoa zumari mdomoni, Kazungu akamkabili baba, mikono kiunoni, akamwuliza mtoto yuko wapi. Nilijiweka tayari. Midomo yangu ilikuwa ikienda pamoja na yake. Akasema ubeti wake, baba akajibu, akasema mwingine, kisha akageuka aende zake bila ya kuzisema zile beti nilizozijua kuliko zote. Nikadhani amesahau. Nyumbani baba alikuwa amenifundisha kwamba mwenzako akisahau maneno, mpe, mchezo usianguke. Nikapanda juu ya benchi nikazisema, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kutoka mwenzangu nakuuliza mpaka nani nimpe suala, na pale penye kosa nikasema mwaniacha, kama alivyorekebisha.

Ukumbi mzima ulicheka. Waliona ni ufundi wa mwalimu, kumpachika mtoto katikati ya watu amkaripie mzee kwa maneno ya mkewe. Walipiga makofi, walipiga miguu sakafuni, mwanamke wa nyuma yangu akanibana shavu. Nikageuka nimwone mama akinisifu. Alikuwa amejifunika uso kwa buibui na mabega yalikuwa yakimtikisika, nikadhani naye anacheka.

Jukwaani baba hakujibu. Alikuwa hodari wa kujibu, ukisahau mshororo alikutungia mwingine pale pale, lakini siku ile alisimama na fimbo yake ya kizee, mdomo wazi, akitutazama. Watu wakazidi kucheka kwa kuwa waliona anaigiza vizuri. Ami peke yake ndiye aliyejua kuna jambo. Akainua zumari mahali ambapo mchezo haukutaka zumari, akapuliza, akaendelea kupuliza kwa pumzi zile zisizokatika, mpaka Kazungu akamshika baba mkono akamtoa. Wengine waliumalizia mchezo bila yeye. Mtoto aliyepotea akarudi na bangili yake, na kwa kuwa mzee hakuwepo, akakumbatiwa na jirani bahili, jambo ambalo watu walilicheka kuliko yote.

Mama hakungoja mwisho. Alinishika mkono tukatoka, na njiani hakuniambia neno, si la kunikemea wala la kunisifu. Baba alitufuata nyumbani kabla ya magharibi. Alikuwa bado ana ile rangi ya uzee usoni, imechuruzika mpaka shingoni. Mama alikuwa amekaa mkekani. Baba hakukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Alikaa chini mbele yake, karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Zuhura," akasema. "Nalimlaza kwa ubavu wa kulia. Nalishuka mimi mwenyewe, sikumpa mtu. Alikuwa mwepesi hata nikaogopa kumwachilia."

Nilihesabu kwa mazoea, na maneno yake hayakulingana hata kidogo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtoto waliyekuwa wakimzungumza miezi yote ile hakuwa mtoto wa Warumi. Ni yule niliyemgusa kidole. Nikaogopa, nikasogea nyuma ya mlango.

"Wapi?" mama akauliza.

"Kule kwa watoto, kando ya ukuta. Nalitia jiwe. Kisha mvua za masika zikaja, na wangine wakazikwa, na niliporudi sikuliona. Kila Ijumaa nikitoka msikitini naenda nazunguka. Sijui ni lipi, Zuhura. Wewe waniuliza, nami ningekwambia nini? Nikwambie nimekupotezea mwanao mara ya pili?"

Baba akainamisha kichwa kama anayengoja kupigwa. Sauti za watoto wanaotoka chuoni zilipita chini ya dirisha zikaishia.

"Kumbe wenda," mama akasema.

"Kila Ijumaa."

"Nami nikadhani umemsahau. Nikadhani wenda kwenye mchezo." Mama alishika ncha ya leso yake, akaitia mate, akaanza kumfuta ile rangi usoni, polepole, na baba akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia mwanamume mzima akilia. Nilihuzunika kwa ajili yake, nikahuzunika kwa ajili ya mama, na nilitamani watu wa ukumbini warudi wote wakae kimya.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda watatu. Mama hakuingia. Alisimama nje, barabarani, mahali ambapo ukuta wa maziara ulikuwa mfupi na mtu angeweza kuona ndani, nami nilishikilia buibui lake. Baba aliingia kwa lango la mbele, akaja mpaka upande wetu, akaanza kutembea baina ya makaburi madogo. Alisimama hapa, akatazama ukuta, akasogea pale, akarudi. Aliinama kwenye jiwe akaligusa, akaliacha. Watu waliokuwa wakipita walitusalimia, mama akaitikia bila ya kuondoa macho kwake. Mwisho baba alituelekea, mikono imeshuka, akatikisa kichwa.

Mama alimtazama sana. Kisha akatoa mkono ndani ya buibui, akamwonyesha kwa kidole pale pale alipokuwa amesimama.

"Basi na pawe hapo," akasema. "Usisogee tena. Soma."

Baba akachuchumaa, akainua mikono, na tangu siku ile mdogo wangu amelala hapo.